Uchambuzi wa kisa: ripoti zilizokwama kwenye nafasi

Jumatatu asubuhi mhasibu alitupigia simu: folda ya ripoti za PDF haikuwa na kitu kipya tangu Ijumaa. Tukafungua ratiba ya kazi ya Windows. Kazi ya usiku ilikuwa imeanza saa nane kamili, imemaliza baada ya sekunde chache, na mbele yake imeandikwa kuwa imekamilika bila kosa. Hivyo hivyo siku tatu mfululizo. Zile sekunde chache ndizo zilizonishtua, kwa sababu kazi hiyo huchukua dakika ishirini.

Marekebisho ya mwisho yalikuwa mistari sita ya msimbo. Kuyafikia kulituchukua siku mbili, na karibu muda wote huo tulikuwa tukiongeza na kupunguza alama za nukuu kwa kubahatisha, kila mmoja akiamini jaribio lake ndilo litakalofaulu. Kilichotutoa ni swali ambalo tulichelewa kuliuliza: huu mstari wa amri, yaani maneno yanayoianzisha programu, ni nani hasa anayeukata vipande? Nalitaja mapema ili msomaji asipite njia ndefu tuliyopita sisi.

Kilichobadilika Ijumaa

Skripti ya usiku ni fupi, iliyoandikwa miaka kadhaa nyuma kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Inapitia folda ya mafaili ya maandishi, na kwa kila faili inaita programu nyingine, geuza.exe, ambayo ndiyo inayotengeneza PDF. Mstari wa kuiita ulikuwa huu:

```
os.system(r'C:\Zana\geuza.exe ' + faili)
```

Ijumaa jioni mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. Programu ilihamishwa kutoka C:\Zana kwenda C:\Program Files\Kigeuzi. Uhamisho huo ulikuwa sahihi, maana ndani ya Program Files mtumiaji wa kawaida hawezi kubadilisha faili la programu. Siku hiyo hiyo watu wa hesabu, waliokuwa wakiyaita mafaili yao mapato_01.txt, wakaanza kuyaita Mapato ya Januari.txt. Aliyehamisha programu alikumbuka kubadilisha njia (anwani ya programu kwenye diski) kwenye skripti, akaandika njia mpya pale pale palipokuwa na ya zamani. Hivyo njia ya programu na majina ya mafaili vyote vikawa na nafasi ndani yake, yaani pengo tupu kati ya maneno.

Kuhusu ile ratiba iliyosema hakuna kosa: os.system hurudisha namba, na namba isiyo sifuri maana yake amri imeshindwa. Skripti yetu haikuiangalia namba hiyo hata mara moja. Kila faili lilishindwa, skripti ikapita kwenda linalofuata, ikafika mwisho salama, ikairudishia ratiba sifuri. Kosa hili nalihesabu kuwa kubwa kuliko lile la nafasi. Bila hilo tungejua Jumamosi.

Majaribio matatu

Tulianza kwa kuuendesha mstari ule ili tulione kosa lenyewe. Mkalimani wa amri, cmd.exe, ambaye ni programu ya Windows ya kusoma amri na kuziendesha, alijibu kwamba haitambui amri iitwayo C:\Program. Jibu hilo linafahamika kwa wengi. Mkalimani husoma hadi kwenye nafasi ya kwanza, na alichokipata hadi hapo ndilo jina la programu. Sehemu iliyobaki, Files\Kigeuzi\geuza.exe, kwake ni maelezo ya kumpa huyo Program ambaye hayupo.

Dawa yake nayo inafahamika: izungushie njia alama za nukuu. Tukafanya hivyo, tukajaribu na faili la zamani lisilo na nafasi.

```
"C:\Program Files\Kigeuzi\geuza.exe" D:\Hesabu\mapato_01.txt
```

PDF ikatoka. Basi tukazungushia nukuu jina la faili pia, kwa kuwa majina mapya yana nafasi.

```
"C:\Program Files\Kigeuzi\geuza.exe" "D:\Hesabu\Mapato ya Januari.txt"
```

Mkalimani akasema tena kwamba haitambui C:\Program.

Hapa ndipo tulipopotelea saa nyingi. Njia ya programu hatukuigusa, nukuu zake zilikuwepo, na dakika moja iliyopita ilifanya kazi. Tulichoongeza kiko upande wa pili wa mstari, kwenye jina la faili, lakini lawama inaangukia programu. Na tukiunakili mstari ule ule na kuubandika kwenye dirisha la cmd kwa mkono, unafanya kazi bila shida! Mwenzangu alishuku kwamba Python inaharibu nukuu, akazibadilisha zote kuwa alama moja moja ya ritifaa ('), kama alivyozoea kwenye Linux. Haikusaidia, kwa sababu kwa cmd ritifaa ni herufi kama herufi nyingine, haifungi kitu.

Maelezo yapo kwenye msaada wa cmd wenyewe, ukiandika cmd /? na kusoma hadi mwisho. Kwenye Windows, os.system haiiti programu yako moja kwa moja. Inamwita cmd kwa swichi ya /c, inayomwambia aendeshe amri aliyopewa kisha afunge, na kumkabidhi mstari mzima. Akiitwa kwa /c, cmd hutazama kama mstari unaanza na alama ya nukuu. Ukianza nayo, huziacha nukuu zilivyo endapo tu masharti kadhaa yametimia kwa pamoja: nukuu ziwe mbili tu kwenye mstari wote, katikati yake pasiwe na alama maalumu kama & au mabano, pawe na angalau nafasi moja, na maneno yaliyo ndani yawe jina la programu inayoweza kuendeshwa. Sharti moja likikosekana, huondoa nukuu ya kwanza kabisa na nukuu ya mwisho kabisa, kisha huendelea na kilichobaki.

Jaribio la kwanza la nukuu lilikuwa na mbili, likapita. La pili lilikuwa na nne. Cmd aliondoa ya mwanzo na ya mwisho, mkononi akabaki na hiki:

```
C:\Program Files\Kigeuzi\geuza.exe" "D:\Hesabu\Mapato ya Januari.txt
```

Ndiyo maana akalaumu C:\Program. Na unapoandika kwa mkono kwenye dirisha lililokwisha funguka, kanuni ya /c haitumiki, kwa hiyo nukuu zote zinabaki. Tulikuwa tukilinganisha milango miwili tofauti tukidhani ni mmoja.

Ukishajua hilo, kuna njia ya kulizunguka. Unaweka jozi nyingine ya nukuu nje ya mstari mzima, ili zitakazoondolewa ziwe hizo za nje. Linaonekana kama kosa la uchapaji, lakini linafanya kazi. Tukaliweka, ripoti zikatoka, tukarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi watu wa hesabu waliomba PDF ziwekwe kwenye folda yao, D:\Ripoti Tayari\, na programu iitwe na neno la --kimya ili isifungue dirisha. Tukaongeza vipande hivyo viwili mwishoni, folda ikiwa ndani ya nukuu zake. Safari hii programu yenyewe iliitika, lakini ikalalamika kwamba jina la folda si halali.

Kioo cha vipande

Hapo nikaomba tusimamishe kubahatisha. Tuliandika programu ya mistari mitatu ambayo kazi yake ni kuonyesha ilichopokea, kila kipande ndani ya mabano ya mraba:

```
import sys
for i, kipande in enumerate(sys.argv):
    print(i, '[' + kipande + ']')
```

Tukaiita mahali pa geuza.exe, kwa vipande vile vile. Badala ya folda na --kimya kama vipande viwili, tulipata kimoja:

```
2 [D:\Ripoti Tayari" --kimya]
```

Kipande kimeimeza nukuu na kila kilichofuata. Ndipo tukaelewa kwamba cmd si mkataji pekee. Hata cmd akiupitisha mstari salama, programu inayoitwa nayo inaukata tena, kwa kanuni zake.

Jambo hili ni la Windows hasa, na nadhani ndilo linalowachanganya waliojifunzia kwenye Linux. Kwenye Linux na jamaa zake, programu ikianzishwa, kiini cha mfumo hupokea orodha: kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, kila kimoja kikiwa kimetengwa na mwenzake tangu mwanzo. Nafasi iliyo ndani ya kipande haina maana yoyote kwa kiini. Jina la faili linaweza kuwa na herufi yoyote isipokuwa mkwaju (/) na ile herufi tupu yenye thamani ya sifuri. Anayekata kwenye nafasi ni mkalimani wa amri peke yake, na akishakata, habari imekwisha.

Windows haipokei orodha. Wito wake wa kuanzisha programu, CreateProcess, hubeba mstari mmoja mrefu wa herufi. Programu inayozaliwa hupewa mstari huo mzima mzima, na kazi ya kuukata ni yake. Nyingi hutumia kanuni za maktaba ya C ya Microsoft, yaani msimbo uliokwisha andikwa wa lugha ya C, ndiyo maana mara nyingi mambo huenda sawa. Na katika kanuni hizo, mkwaju wa kinyume (\) una tabia mbili. Ukiwa peke yake ni mkwaju tu, vinginevyo njia za Windows zisingeandikika. Ukitangulia alama ya nukuu, unaigeuza nukuu hiyo kuwa herufi ya kawaida, isiyofungua wala kufunga. Mikwaju miwili kabla ya nukuu huhesabiwa mkwaju mmoja, na nukuu inabaki na kazi yake.

Sasa tazama tena "D:\Ripoti Tayari\" tuliyoandika. Jicho la mtu linaona folda iliyofungwa vizuri. Maktaba inaona mkwaju na nukuu, inaihesabu nukuu kuwa sehemu ya jina, na kwa kuwa nukuu ya kufunga haijapatikana, inaendelea kumeza hadi mwisho wa mstari. Alama ya nukuu hairuhusiwi kwenye jina la faili la Windows, na hilo ndilo programu iliyolalamikia. Kama tungekuwa na kipande kingine chenye nukuu baada ya hicho, mambo yangekuwa mabaya zaidi: nukuu ya kufungua ingefunga, nje ingekuwa ndani. Nimewahi kuona amri ya kunakili folda ambayo kwa namna hiyo hiyo ilipewa neno la katikati ya jina kuwa folda ya kupokelea. Haikufuta kitu, kwa sababu tu chanzo chake nacho kilikuwa kimeharibika kiasi cha kutosomeka.

Nafasi iliyokatwa mahali pasipo pake imeshaharibu mengi hadharani, tena hata kwenye mifumo yenye orodha, kwa sababu mkalimani alikata kabla ya orodha kufika. Mwaka 2001 kisakinishaji cha iTunes 2.0 cha Mac OS X kilifuta data za watu ambao diski zao zilikuwa na nafasi kwenye majina, kwa kuwa njia kwenye skripti haikuwa na nukuu. Mwaka 2011 skripti ya kusakinisha Bumblebee, programu ya Linux ya kadi za michoro, ilikuwa na nafasi moja iliyoponyoka baada ya /usr, folda zilimo programu nyingi za Linux, kwenye amri ya kufuta. Ilikusudiwa kufuta folda moja ndogo ndani yake. Ikafuta /usr nzima.

Tulichokifanya

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kurudisha programu C:\Zana na kuwaambia watu wa hesabu waache kuweka nafasi. Nililikataa, na bado nalikataa. Majina marefu yenye nafasi yako kwenye Windows ya nyumbani tangu Windows 95, mwaka 1995. Kabla yake DOS iliruhusu herufi nane na tatu za kiambishi. Mtu anayeliita faili lake Mapato ya Januari anaandika lugha yake kama inavyoandikwa. Si haki kumfanya yeye abebe udhaifu wa skripti yetu.

Pendekezo la pili lilikuwa kutumia jina fupi la zamani, PROGRA~1, lisilo na nafasi. Linafaa mtu akiwa amekwama kwa dakika tano. Lakini namba ile ya mwisho hutegemea ni folda gani ilitangulia kuundwa, na utengenezaji wa majina mafupi unaweza kuzimwa kwenye diski. Skripti inayotegemea jina hilo inategemea bahati ya kompyuta moja.

Tulichochagua ni kumwondoa mkalimani njiani kabisa na kumkabidhi Python orodha:

```
subprocess.run([
    r'C:\Program Files\Kigeuzi\geuza.exe',
    faili,
    folda,
    '--kimya',
], check=True)
```

Hakuna nukuu ya kuhesabu. Windows bado inataka mstari mmoja, lakini sasa Python ndiyo inayouandika: inazungushia nukuu kipande chenye nafasi, na kikiishia kwa mkwaju wa kinyume inauandika mara mbili ili nukuu ya kufunga isipoteze kazi yake. Mtu akiandika kwa mkono angesahau, maktaba haisahau. Na check=True inaisimamisha skripti kwa kelele mara programu inaporudisha namba isiyo sifuri. Kwa hilo tu, hata kama hakungekuwa na tatizo la nafasi, ningebadilisha.

Nje ya Python palibaki faili moja la batch, yaani orodha ya amri za cmd, ambalo wenzetu hulitumia kwa kuburuta ripoti juu yake. Humo mkalimani haepukiki. Tuliandika "%~1" kila mahali palipokuwa na %1, panapoingia jina la faili lililoburutwa: alama ya ~ huondoa nukuu kama zilikuja, kisha sisi tunaweka zetu, hivyo jina linafika na jozi moja tu. Hapo nina tahadhari ya kweli. Faili la batch likiitwa na programu nyingine, Windows humwingiza cmd hata kama hujamwita, na kanuni zake za kukata si zile za maktaba ya C. Aprili 2024 lugha ya Rust ilitoa toleo 1.77.2 kuziba tundu la usalama lililotokana na jambo hilo: orodha iliyoandikwa kwa uangalifu kwa kanuni za C ilipofika kwa cmd, maneno ya mtu mwenye nia mbaya yaliweza kugeuka amri. Kwa hiyo mafaili yanayotoka kwa watu tusiowajua hatuyapitishi kwenye batch.

Tulipokuwa tukisoma maelezo ya CreateProcess, tulikutana na jambo lililotufanya tukague kompyuta nzima. Ukiipa njia yenye nafasi bila nukuu, na usitaje programu kwa kigezo chake tofauti, haikatai mara moja. Inajaribu. Kwa njia yetu ingetafuta kwanza C:\Program.exe, ikikosa ndipo ifike C:\Program Files\Kigeuzi\geuza.exe. Yaani njia isiyo na nukuu inaweza kufanya kazi miaka mingi bila mtu kujua, hadi siku mtu atakapoweka faili mahali pa mapema kwenye msururu huo. Kwa huduma zinazoanzishwa na mfumo kwa mamlaka ya juu, huu ni udhaifu wenye namba yake kwenye orodha ya CWE ya udhaifu wa programu, CWE-428. Kwa kawaida mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika faili kwenye mzizi wa C:, lakini folda za ndani zaidi zinaweza kuwa zimeachwa wazi. Tulikuta huduma moja iliyosajiliwa hivyo. Tukaiwekea nukuu kwenye usajili wake, tukaiwasha upya.

Jaribio la mwisho

Kabla ya kuirudisha kazi kwenye ratiba tulitengeneza folda ya majina magumu: lenye nafasi moja, lenye nafasi mbili zinazofuatana, linaloanza kwa nafasi, lenye ritifaa, lenye &, lenye mabano, na njia ya folda inayoishia kwa mkwaju. Tukaipitisha yote kwenye kile kioo cha vipande, kisha kwenye geuza.exe. Kila kipande kilitoka kama kilivyoingia.

Usiku ule skripti ilisimama kwenye faili moja, safari hii kwa kelele, ikisema faili halipo. Kwenye orodha ya folda lilionekana. Lilikuwa limenakiliwa kutoka seva ya Linux, na jina lake liliishia kwa nafasi, baada ya txt. Linux hulikubali jina kama hilo. Windows, kwenye njia za kawaida, huondoa nafasi na nukta zilizo mwishoni mwa jina kabla ya kulitafuta, kwa hiyo ilikuwa ikitafuta faili jingine kabisa. Nukuu hazina la kufanya hapo, wala orodha. Tukaenda kwenye seva, tukalibadilisha jina kule kule, tukalileta upya, tukaiendesha kazi tena saa moja asubuhi. Dakika ishirini na mbili, ripoti zote zikawa kwenye folda.